Maoni ya mzazi: shule ya msingi ya serikali, Ngamiani Tanga (nyota nne kati ya tano)

Naandika haya kwa wazazi wenzangu wa Tanga, haswa nyie mliohamia mjini kikazi na kila siku mnaulizana kwenye magrupu shule gani nzuri. Jina la shule sitaliandika maana ntaelezea habari za watoto wa watu humu ndani, ila ni shule ya msingi ya serikali huku Ngamiani kwenye barabara zetu za namba, na anaekaa huku akisoma mpaka mwisho ataijua tu. Naipa nyota nne na zote nne nimewapa watu wa pale. Majengo ni ya kawaida kabisa, bati, uwanja wa mchanga, miembe, madawati mengine yamepigwa misumari mpaka basi.

Najua mtu akitafuta shule anauliza kwanza la saba wamefaulu wangapi, kingereza wanaongea, gari la shule lipo. Mi naomba uanze na hili: pale shuleni yupo mtu mzima gani anaemjua mwanao kwa jina, anajua analala kwa nani, na leo asipotokea nani atashtuka? Ukikosa jibu la hilo hayo mengine hayatamfaa sana mtoto. Nimeliona kwa mwanangu mwenyewe ndo maana naandika kirefu hivi, mtanisamehe.

Mwanangu wa pili ana kigugumizi. Kabla ya kuja Tanga tulikua mkoa mwingine na alikua anasoma shule ya kulipia, ingilishi midiamu, gari linamchukua mlangoni, sweta na tai. Kimasomo sina neno, vitabu vilikuepo na darasa lilikua na watoto wachache. Lakini mawasiliano yote kati ya shule na sisi yalikua meseji za ada. Mtoto aliugua malaria akakaa nyumbani karibu wiki nzima hakuna aliepiga simu, siku anarudi cheti cha hospitali kikapokelewa getini na mlinzi, ikaishia hapo. Kwenye ripoti wakaandika hashiriki darasani. Hakuna mwalimu aliewahi kutuita akatuuliza kwanini huyu mtoto haongei, na mtoto nae alishajua kwamba akinyamaza hasumbuliwi na mtu, kwaiyo akanyamaza.

Kazi ya baba yao ikatuleta Tanga, shule ya karibu ikawa hii.

Siku ya kwanza mwalimu wa darasa hakutaka kuzungumzia kigugumizi mbele ya mtoto. Alimtuma chaki ofisini, alafu ndo akaniuliza, "Mama, nyumbani huwa anaongea na nani zaidi? Anapenda nini?" Nikamwambia mwalimu, anapenda mpira na anaongea sana na bibi yake kwenye simu. Akaandika. Lile daftari lake nimekuja kuliona baadae, ni kauntabuku la kawaida tu ila kila mtoto ana sehemu yake, anaishi na nani, namba ya simu ni ya nani, anapita njia gani kurudi nyumbani, rafiki yake ni nani, huwa anaumwa nini. Na darasa lina watoto zaidi ya 80, nitalisema hilo huko chini.

Alafu akampa kazi ya kugawa madaftari yakishasahihishwa. Mwenye mtoto wa kigugumizi atanielewa, jina la mtu ndo gumu kuliko maneno mengine yote, maana neno lingine mtoto akiona linamkaba analikwepa anatafuta jepesi, jina huwezi kulikwepa. Mwanzoni alikua anamwonesha jirani yake jalada, jirani anamnyooshea kidole mwenye nalo, anapeleka kimyakimya. Mwalimu hakumlazimisha kitu, muhula ukaenda hivohivo. Siku moja nimeenda kupeleka mchango wa chakula nikapita nje ya dirisha la darasa lao, nikamkuta kasimama mbele na rundo la madaftari kifuani anamwita binti mmoja, na jina la yule binti linaanza na M ambayo ndo herufi inayomkaba kuliko zote. Mdomo umefunga, shingo imekaza, anavuta hiyo M. Darasa zima kimya. Hakuna anaecheka, hakuna anaemmalizia, na yule binti mwenye jina keshasimama kabisa mkono kaunyoosha mbele anangoja aitwe. Jina likatoka. Binti akachukua daftari lake akasema asante akakaa, likaitwa daftari lingine. Mi nilienda kukaa chini ya mwembe kwanza kabla sijaweza kwenda ofisini.

Nikamuuliza mwalimu, hawa watoto umewafanyaje? Akasema alizungumza nao siku moja mwanangu akiwa hayupo, akawaambia maneno ya mwenzenu yanachelewa kufika, tutamsubiri, na yeyote atakaechelewa kwa lolote humu ndani tutamsubiri. Alafu yeye mwenyewe akawa anasubiri kila siku mbele yao mpaka wakaiga. Na alikua sahihi kabisa, maana hata ukisoma ushauri wa wataalamu wa matamshi wanasema hivohivo, usimmalizie mtoto neno, usimwambie vuta pumzi au anza upya, mwangalie usoni msikilize mpaka amalize. Huyu mwalimu hana mtaalamu pale shuleni, alichonacho ni kumjua mtoto na darasa linaloaminiana. Kusoma nako kukafuata, kwasababu mtoto ambae haogopi kufungua mdomo anasoma kwa sauti, akikosea anarekebishwa, kesho yake yuko mbele kidogo.

Jambo la pili ni watoro. Tanga bahari iko hapo tu, na mwezi ukiingia giza dagaa zikatoka kwa wingi, vijana wa la tano la sita wanavutwa na Deep Sea na Sahare kule, kwenye madiko boti zinakoshusha samaki. Mtu anabeba ndoo, anapara samaki, anarudi na kitoweo na hela kidogo, na nyumbani mama anapokea kwasababu shida zipo. Shule nyingi hapo mtoto anaitwa mtoro, anatandikwa siku anayorudi, kesho harudi tena. Hapa mtoto akikosekana siku mbili wenzie wanaopita njia moja wanatumwa kwao. Hata mwanangu alipougua nilishangaa jioni napigiwa hodi, wamesimama watoto watatu na yunifomu zao, "Shikamoo mama, tumetumwa na mwalimu, anauliza mwenzetu ana nini." Nikawaambia marahaba wanangu, homa tu, wakataka wamwone wenyewe kwanza ndo waondoke.

Kwa wale wa pwani mwalimu wa nidhamu alienda mwenyewe mpaka dikoni. Hakwenda na fimbo wala mgambo, alienda kusalimia manahodha na wale kina mama wanaonunua samaki wa kukaanga, wengi wao wamesoma shule hiyohiyo au wana wajukuu pale. Makubaliano yakawa asubuhi za siku za shule hakuna kumpa ndoo mtoto, mpaka saa za kutoka zifike. Hayajamaliza tatizo, kipindi cha giza bado wapo wanaokosekana. Lakini saivi mtoto akionekana kule asubuhi kuna mtu mzima wa kumuuliza "we leo hukwenda shule?" na kuna kijana mmoja wa la sita ambae nahodha ndo alimrudisha kwa mguu wake mpaka getini. Barua ya kumwita mzazi isingefanya hivo.

Sasa chakula. Wengi tunadhani elimu bila malipo iliyoanza 2016 maana yake serikali inatoa kila kitu na mzazi kazi yake imeisha. Ruzuku ya mtoto wa shule ya msingi ni shilingi 10,000 kwa mwaka, na humo kuna sehemu inayowekwa kwa ajili ya vitabu kabla hela haijafika shule. Hata ukiihesabu yote, igawe kwa miezi kama 10 ya masomo inakua elfu moja kwa mwezi kwa mtoto mmoja. Chaki, karatasi za mitihani, matengenezo, michezo, vyote humo. Chakula hakimo. Kwaiyo uji na makande mnayoyaona shuleni yanatoka kwa wazazi, na hapa ndo unaijua shule ina jamii au ina orodha ya wadaiwa.

Kikao cha chakula nilichohudhuria mimi kilikua kirefu na kilinifurahisha. Mwenyekiti wa kamati ya shule ni mzazi, mwalimu mkuu ndo katibu, mwenyekiti wa serikali ya mtaa alikuepo na mzee mmoja mwalimu mstaafu. Mama mmoja akasimama akasema wazi kwamba yeye anauza mihogo ya kukaanga, siku nyingine hauzi kabisa, debe la mahindi hawezi. Kwenye vikao vingine nilivyowahi kukaa mtu kama huyo angeambiwa atajua mwenyewe. Hapa wakakubaliana mwenye mahindi alete mahindi, mwenye maharage maharage, mwenye hela alete hela, mwenye nguvu na mda aingie zamu ya kuni na kupika, na jina la mtoto halisomwi hadharani kwamba hajalipiwa. Yule mama ana zamu yake ya jiko mpaka leo na uji ukipikwa siku yake watoto wanajua, maana anatia iliki. Yule mwalimu mstaafu akakumbusha kwamba Elimu ya Kujitegemea ya 1967 Mwalimu Nyerere alitaka shule yenyewe iwe jamii, watu wanafanya kazi na kula pamoja, akasema yeye kaanza kazi wakati huo bustani ya shule ilikua inalisha watoto na walimu. Nikaona vijana wamekaa kimya wanamsikiliza.

Kitu kingine ambacho wageni wa Tanga hamtakijua mpaka mkae. Mtoto wa huku ana shule mbili, akitoka shuleni mchana anaenda madrasa. Walimu walipopanga masomo ya ziada ya la saba jioni ikagongana na madrasa, watoto wakawa wanakatwa katikati, ukienda huku unachapwa kule. Mwalimu mkuu akamfata ustadhi wa madrasa iliyo karibu wakakaa wawili, masomo ya ziada yakahamia Jumamosi na asubuhi kabla ya namba, yaani ule usafi wa shule, na ustadhi akawa anawauliza watoto habari ya mtihani kila wiki. Watoto wa Kikristo nao wana kipindi chao cha dini na hakuna aliebaguliwa. Mambo madogo haya lakini mtoto anapoona mwalimu na ustadhi wanasalimiana barabarani na wanajua habari zake zote mbili, hana pa kudanganyia na hana pa kuonewa.

Kuna grupu la wasap la wazazi wa darasa. Linasaidia sana mvua ikiwa kubwa au kukiwa na mtihani, ila punguzeni picha za salamu za asubuhi na matangazo ya mikopo, tangazo la mwalimu linapotea katikati. Na wazazi wasio na simu za kisasa tusiwasahau, mwalimu bado anaandika kikaratasi kwa watoto wao na naomba aendelee hivohivo.

Nilikokata nyota moja.

Kwanza wingi wa watoto. Serikali yenyewe imeweka mwalimu mmoja kwa watoto 45 na sisi tuko karibu mara mbili yake. Huyu mwalimu wetu anawajua wote kwa jina kwa sababu anabeba madaftari kwenda nayo nyumbani na Jumamosi anapita mitaani, hiyo ni nguvu yake binafsi na siku akihamishwa sijui kama mwingine ataweza. Mahusiano yanahitaji mda, na mwalimu mwenye watoto 80 mda wake umeibiwa. Halmashauri ituongezee walimu, jamii haiwezi kuziba hilo pengo.

Pili fimbo. Mwalimu mmoja, sio wa darasa letu, alikua anachapa ovyo, darasa zima kwa kosa la mtu mmoja. Kanuni za nchi zinasema viboko visizidi vinne, achape mwalimu mkuu au mwalimu aliemruhusu kwa maandishi, na iandikwe kwenye kitabu. Wazazi wengi hawajui hili kabisa. Tulilipeleka kwenye kikao kwa adabu, bila kumtaja mtu, mwalimu mkuu akasoma kanuni mbele ya wote na hali imepoa. Imepoa, haijaisha. Mtoto anaemwogopa mwalimu hamwambii kitu chochote, hata akiwa anaonewa njiani au nyumbani na mtu mzima hatasema, na hilo ndo linaloninyima raha. Shule inayojivunia kujuana kama hii isingekua na fimbo hata moja.

Tatu kina baba. Vikao vinajaa kina mama na mabibi, kina baba utawahesabu. Kikao kikipangwa Jumanne saa tatu asubuhi ni kweli mwenye kibarua bandarini au kiwandani hawezi kuja. Nimependekeza Jumamosi moja kila muhula na kamati inalifikiria. Baba yao alipoenda mara ya kwanza akakuta kumbe mwalimu wa hesabu ni mtu wanaekaa nae baraza moja jioni kwenye kahawa na hawajawahi kuongelea mtoto.

Vyoo navyo havitoshi, na wasichana wa la sita na la saba wanahitaji chumba chenye maji. Kamati imeshaanza kukusanya matofali.

Kuna mradi wa Shule Bora ulioanza 2022, Tanga ni moja ya mikoa tisa iliyomo pamoja na wenzetu wa Pwani, na moja ya mambo wanayosisitiza ni wazazi na walimu kukaa pamoja, UWAWA inavyoitwa. Kama kwenye shule ya mwanao UWAWA ipo kwenye karatasi tu, waulize walimu inakutana lini na nenda. Hapa kwetu imechukua uhai kwasababu kuna watu watatu wanne wanaofika kila mara hata wakiwa wamechoka, mmoja wao fundi cherehani anaeshonea yunifomu watoto wasio na mtu kwa bei ya kitambaa tu.

Shule hii inamfaa nani? Kama unataka mwanao aongee kingereza fasaha mapema, hapa masomo ni kwa Kiswahili, kingereza ni somo, utahitaji kumsaidia nyumbani. Kama unataka darasa la watoto 25 hutalipata. Kama mwanao ni mwoga, mgeni, ana tatizo lolote la kuongea au kutembea, au amezoea kukaa nyuma asionekane, mlete. Na uwe tayari na wewe kuonekana, maana walimu wa hapa watakuuliza maswali, watakutafuta, na wanategemea utaingia zamu.

Kwa anaehamisha mtoto, anza kwa mwalimu mkuu wa shule anayotoka akuandikie uhamisho, uje nao pamoja na cheti cha kuzaliwa na ripoti ya mwisho. Wa awali na la kwanza uandikishaji huanza mwezi wa kumi, usisubiri Januari foleni inakua kubwa. Njoo asubuhi wakati watoto wako kwenye chai, ndo walimu wanapata nafasi ya kukaa na mgeni, na umlete mtoto mwenyewe maana wataanza kwa kumsalimia yeye.